Bibi Hilde na Mji wa Hewa Safi

Wiki iliyopita, katika duka la dawa huku Roseville, mwanamke aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alifungua kichupa cha chumvi ya kuogea akakinusa, na harufu ya msonobari ikanifikia kabla sijajiandaa. Ilinibidi nishike rafu. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili na kazi ya heshima, lakini kwa muda mfupi pale dukani nilikuwa na miaka tisa, nimeinamia beseni la maji ya moto, taulo kichwani, na nyuma yangu sauti ya kikongwe inanihesabia pumzi. Mume wangu nimemsimulia kipande tu cha kisa hiki. Leo acha niwasimulie ninyi chote, maana wengi waliokuwamo wametangulia, na ninyi mnaosoma hamnijui sura.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukiishi Fridley, katika jengo la matofali mekundu ambalo ngazi zake zilinuka kitunguu cha watu wa chini na sabuni ya watu wa juu. Baba alikuwa amekuja Minnesota kusoma uhandisi, akamaliza, akapata kazi kwenye kiwanda, ndipo akatuita kutoka Tukuyu. Mama, ambaye nyumbani alikuwa mwalimu, huku aliwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwakata kucha. Alinisemesha Kiswahili nami nikamjibu Kiingereza, kama walivyofanya watoto wote tuliokutana nao kanisani, na kila siku alinitisha kwamba hatanipa chakula mpaka nijibu vizuri, na kila siku akanipa.

Jumamosi baba alikuwa na zamu, kwa hiyo mama alinichukua kazini kwake. Ndivyo nilivyomfahamu Bibi Hilde.

Alikaa peke yake katika nyumba ndogo nyeupe hapa hapa Roseville. Alikuwa mrefu, mgongo umeanza kumpinda, miguu imevimba hadi viatu vyake vilikatwa kwa mkasi pembeni. Mume wake, Mmarekani, alikuwa amekufa zamani. Siku ya kwanza aliniuliza jina langu, nikamwambia, nikasubiri alivuruge. Shuleni walimu waliniita Tampi, na kuna mvulana aliyeniita Tarumbeta mwaka mzima. Bibi Hilde aliinua kidevu akasema, "Tumpe," taratibu, sawasawa kabisa, kama ambavyo angelitamka bibi yangu mzaa baba. Nikampenda palepale. Mtoto anaweza kununuliwa kwa kitu kidogo hivyo.

Alikuwa Mjerumani. Alizaliwa katika mji mdogo bondeni, ambao jina lake sitalitaja kwa sababu nitakayoieleza. Mama alipokuwa akifua shuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, sisi wawili tulikaa mezani na albamu ya picha, naye akanitembeza mjini kwake. Katika picha moja kilionekana kibao cha stesheni, na jina la mji lilianza na neno "Bad". Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilimuuliza ni watu gani wanaweza kuandika kwenye kibao kwamba mji wao ni mbaya. Yeye naye alicheka, meno yake ya bandia yakagongana, akanieleza kwamba kwa lugha yao neno hilo ni kuoga, na kwamba si kila mji unaruhusiwa kujiita hivyo. Serikali hutuma wakaguzi. Wanapima maji, wanapima hewa, wanahesabu mabomba ya moshi ya nyumba. Mji ukifaulu unatambuliwa rasmi kuwa mji wa tiba, na watu wanatoka mbali kuja kupona.

Nikaujua mji ule kuliko nilivyoujua Fridley. Nilijua kwamba bustanini kulikuwa na ukuta mrefu wa matawi ya miiba, mrefu kupita kanisa, na maji ya chumvi yakitiririka kutoka juu yake mchana kutwa, na wagonjwa wa kifua wakitembea kando yake polepole wakivuta ule unyevunyevu. Nilijua kwamba watu walikunywa maji yenye ladha ya misumari kwa kikombe chenye mdomo, na kwamba kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana palikuwa na saa za kimya, hakuna honi, hakuna mpira, hata mikokoteni ilisimama. Nilijua pia nyumba kubwa yenye baraza la vioo, ambako watoto wenye vifua vibaya walipelekwa wiki sita bila wazazi wao. Bibi Hilde aliwahi kufanya kazi humo alipokuwa kijana. Watoto walisimama kwenye picha kwa mistari, wote na kofia, wote wakitazama jua hadi macho yamefinyika.

Mimi nilikuwa na pumu. Januari ile baridi ya Minnesota ilikuwa ya kuuma pua, na Jumamosi moja nilitoka mbio kumchukulia barua kwenye sanduku bila kufunga skafu. Kifua kikafunga pale pale barazani. Bibi Hilde ndiye aliyeniona kwanza dirishani. Mama alipanda kutoka chini na kunikuta nimeshaketishwa mbele ya beseni la chumvi ya msonobari, nikihesabiwa pumzi. Alinipa dawa yangu ya kupuliza, kisha akamtazama yule bibi kwa jicho la mtu anayeshindwa kuamua kama ashukuru au agombe.

"Huyu mtoto anahitaji hewa," Bibi Hilde alisema. "Atakwenda kwetu."

Hakuwa anatania. Mpwa wake ndiye aliyekuwa sasa msimamizi wa ile nyumba ya baraza la vioo. Barua ilikwenda, barua ikarudi: nitapokelewa katikati ya Juni, wiki sita. Baba alifurahi kama aliyeteuliwa yeye. Babu yake alisomeshwa na wamisionari wa Kijerumani, na katika nyumba yetu Mjerumani alikuwa mtu asiyefanya mambo nusunusu. Alinipeleka Bloomington, kwenye lile jumba kubwa la maduka, tukapiga picha ya pasipoti na kununua viatu vya kutembelea. Kanisani niliwatangazia wenzangu kwamba naenda Ulaya kupona. Msichana mmoja Mkenya alinitazama juu hadi chini akaniuliza kama nitarudi nimekuwa mweupe. Nilimwambia inawezekana.

Mama pekee ndiye aliyenyamaza. Sikujua wakati ule kwamba amekopi namba ya simu iliyobandikwa kwenye friji ya Bibi Hilde, ya mtu wa kuarifiwa likitokea jambo, na kwamba amempigia. Alikuwa binti yake, Renate, aliyefanya kazi katika hoteli karibu na uwanja wa ndege, na ambaye sisi hatukuwa tumemwona hata mara moja. Mama alimuuliza swali moja la kawaida, swali la mama yeyote: je, pale ni mahali pazuri kwa mtoto? Baadaye mama alisema Renate hakulijibu, aliuliza tu huwa tunakwenda kwa mama yake siku gani.

Renate alikuja Jumamosi iliyofuata, Aprili, theluji imebaki vichuguu vyeusi kando ya barabara. Tulikuwa tumemaliza kula supu. Bibi Hilde alikuwa na desturi ya kunitazama ninavyokula, na kuniambia nile mpaka sahani ing'ae, nami sikuona ajabu kwa kuwa mama alisema vivyo hivyo. Sasa alikuwa akinishonea jina langu kwenye soksi kwa uzi mwekundu, maana orodha ya ile nyumba ilitaka kila nguo iwe na jina. Mlango ukafunguliwa bila kengele. Aliingia mwanamke wa karibu miaka hamsini, amevaa sare ya hoteli, kibandiko cha jina bado kifuani. Alitazama soksi. Alitazama albamu. Alisema kitu kwa Kijerumani, na mama yake akamjibu kwa neno moja bila kuinua macho.

Ndipo Renate akageukia Kiingereza, ili mama yangu asikie.

"Umemwambia mtoto huyu walikuwa wanakuitaje kule?"

"Shangazi," Bibi Hilde alisema. "Wahudumu wote tuliitwa shangazi. Mimi nilikuwa Shangazi Hilde."

"Na mimi nilikuita nani?"

Sindano ikasimama.

"Mimi, mama. Nilikuita nani?"

"Ilikuwa sheria. Ungeniita mama, wale wengine wangelia."

Renate hakuketi. Alimgeukia mama yangu, akazungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika. Wakati ule alikuwa na miaka sita. Mama yake alipata kazi pale akaruhusiwa kumleta, kwa sharti kwamba awe mtoto kama watoto wengine. Saa za kimya walilazwa kwenye baraza la vioo, mikono juu ya blanketi. Hakuna kujigeuza. Hakuna kwenda chooni. Aliyejikojolea alisimama ukumbini na shuka lake mikononi hadi wenzake wote wapite. Mama yake alitembea kati ya vitanda, akapita kitanda chake kama anavyopita vingine, na Renate alikuwa akijizuia asimguse sketi.

"Kulikuwa na Dieter," alisema.

"Renate," Bibi Hilde akasema.

"Alikuwa na miaka mitano. Alitoka mji wa makaa ya mawe. Alikuwa na kifua kama chako," na hapa akanitazama mimi kwa mara ya kwanza. "Kila asubuhi tulipewa uji mzito wa maziwa. Watoto walipimwa uzito wanapofika na wanapoondoka, na nyumba ilisifiwa kwa kilo. Dieter aliutapika. Aliutapika ndani ya sahani yake. Aliambiwa aumalize."

Sikuelewa. Nilimtazama mama, nikaona uso wake umeelewa, na ndipo na mimi nikaelewa.

"Siku tatu ilikuwa hivyo. Siku ya nne kifua chake kilikuwa kimembana tangu alipoamka, sote tulimsikia. Nilikaa mbele yake mezani. Shangazi alikaa pembeni yake na kijiko."

"Daktari aliandika alikufa kwa mapafu," Bibi Hilde alisema.

"Daktari aliandika alichoambiwa. Sisi tuliambiwa amekwenda nyumbani. Halafu mama yake akaja kuchukua sanduku lake, akapewa na barua yenye jina la Dieter. Niko salama, hewa ni nzuri, ninakula vizuri. Dieter hakujua kuandika. Nani aliiandika, mama?"

Chini, mashine ya kufulia ilianza kuzungusha, na vikombe vya kabatini vikatetemeka kama kila Jumamosi. Bibi Hilde aliweka soksi mezani akailainisha kwa kiganja. Nilikuwa nangoja akatae. Nilimwomba Mungu akatae. Nilijua angesema kwamba binti huyu ni mgonjwa, kwamba ana wivu, chochote kile ningekipokea.

"Mamia walirudi kwao wana mashavu," alisema. "Hao huwasemi kamwe." Kisha akasema kwa sauti ileile aliyonielezea kibao cha stesheni: "Ndiyo. Niliiandika mimi. Na kijiko nilikishika mimi."

Wapendwa, nimeshaona mengi tangu siku ile. Nimefanya kazi hospitalini, nimepokea habari za msiba kwa simu. Hakuna kilichonipiga kama sentensi ile fupi iliyosemwa na mtu niliyempenda, meza ikiwa bado na makombo ya mkate tuliokula pamoja. Nilitazama sahani yangu. Ilikuwa inang'aa.

Pumzi yangu ikakatika. Bibi Hilde aliona kabla ya wengine, kama Januari, na mkono wake ukainuka wenyewe kuja mgongoni kwangu. Mama aliudaka hewani. Hakuupiga, hakuusukuma, aliudaka tu na kuurudisha mezani. Renate ndiye aliyepiga magoti mbele yangu akanifungua kola, huku mama akitafuta dawa mkobani. Na mimi, pumzi ya kwanza niliyoipata, niliitumia kumpigia kelele huyo Renate usoni: "Mwongo wewe!"

"Hasemi uongo, Tumpe," Bibi Hilde alisema. Hata wakati ule alilitamka jina langu vizuri.

Mama alichukua makoti yetu. Tukarudi Fridley. Jioni alimweleza baba jikoni kwa Kinyakyusa, lugha waliyoitumia kwa mambo ambayo sikupaswa kuyaelewa, na baba akatoka na kukaa garini peke yake, taa zimezimwa. Aliporudi alisema hakuna safari. Viatu vya kutembelea nilivivaa shuleni hadi vikanibana.

Mimi niliamua kumchukia Renate. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilivyokuwa ndivyo hivyo. Bibi Hilde sikuweza kumchukia, nilikuwa nimempenda muda mrefu mno, na hasira lazima iwe na mahali pa kwenda. Renate ndiye aliyekuja na sare yake ya hoteli akaniharibia mji wangu. Usingizini nilimwona Dieter, ambaye sikuwahi kumwona hata pichani, au labda nilimwona, mmoja wa wale waliofinya macho juani. Asubuhi nilimlaumu Renate kwa ndoto ile. Kanisani nilisema safari imeahirishwa kwa sababu ya pasipoti.

Kitu kingine kilichonishtua ni mama. Jumamosi iliyofuata aliniacha kwa jirani, akaenda Roseville kazini kama kawaida. Nilimpokea mlangoni aliporudi, nikamuuliza kwa Kiswahili, nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa mwezi mzima: "Mama, unawezaje kumwogesha?"

Alivua viatu kwanza. "Miguu yake ina vidonda, mwanangu. Haiwezi kungoja mpaka nimalize kukasirika."

"Umemaliza?"

"Bado," alisema, akaenda kuosha mikono. Alimwogesha miaka miwili mingine, na sidhani kama alimaliza.

Nilipokuwa mkubwa niliutafuta mji ule. Ukuta wa miiba upo, maji yanatiririka, wazee wanatembea kando yake na fimbo zao. Nyumba ya baraza la vioo, mwaka ule niliotakiwa kwenda, ilikuwa na wauguzi waliosomea kazi yao, na wazazi waliruhusiwa kuja; huenda ningerudi na kifua kizuri na Kijerumani kidogo. Ndiyo maana sitaji jina. Wanaoishi pale leo hawakushika kijiko. Lakini nimesoma pia simulizi za wazee waliopelekwa katika nyumba za namna ile, si pale tu, sehemu nyingi, na nilizisoma nimesimama, sikuweza kukaa. Wengi waliandika kwamba hawakuwahi kumwambia mtu, hata waliolala nao kitanda kimoja.

Bibi Hilde alikufa nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwezi wa Oktoba. Mazishi yalikuwa Saint Paul, katika kanisa ambamo wangeweza kukaa watu mia tatu, na tulikuwa wanane. Mama alisema tutakwenda, na baba, kwa mshangao wangu, alivaa suti. Nilikaa kwenye benchi nikitazama kisogo cha Renate. Hakulia. Mchungaji alisema marehemu alipenda watoto, na nikaona mabega ya Renate yakipanda kidogo na kushuka.

Nje upepo ulikuwa mkali. Watu walishikana mikono haraka haraka wakakimbilia magari. Renate alimshika mama mikono yote miwili. Kisha akainama, akaninyooshea mkono mimi.

"Unapumua vizuri siku hizi?" aliniuliza.

Niliingiza mikono yangu mifukoni mwa koti. Nikageuza uso, nikatazama magari. Alingoja kidogo, kisha akajinyoosha akaenda zake, na sijamwona tena. Namba ile ya simu, nilipopata akili ya kuipiga, ilikuwa ya mtu mwingine.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa ni nani aliyesimama mbele yangu pale kwenye upepo. Nilidhani alikuja Roseville Aprili ile kumuumbua mama yake. Angetaka kumuumbua angekuwa na miaka arobaini ya kufanya hivyo, na watu wengi wa kumsikiliza kuliko sisi. Alikaa na jambo lile peke yake tangu ana miaka sita, akalitoa siku moja tu, mbele ya mwanamke asiyemjua na mtoto asiyemjua, kwa sababu simu ilimuuliza kama pale ni pazuri kwa mtoto. Kulitoa kulimgharimu mama aliyembakia, maana baada ya siku ile, mama yangu aliniambia, hawakuzungumza tena wale wawili. Na alichopata kwangu ni kuitwa mwongo.

Alikuwa na haki ya kujua kama ilisaidia chochote. Ndicho alichokuja kuuliza kanisani, na ndicho pekee alichouliza. Na nilikuwa napumua vizuri, dada Renate. Nilikuwa napumua vizuri kabisa.